Vita Vinne Vikuu vya Waskoti

Kisiwa kile kikubwa kiitwacho Britania hakikuwa ufalme mmoja tangu mwanzo. Kusini walikaa Waingereza, na kaskazini walikaa Waskoti, kila taifa na mfalme wake na sheria zake. Nchi ya Waskoti ni ndogo, tena sehemu kubwa yake ni milima na majabali na maziwa. Jirani zao walikuwa wengi mara kadha kuliko wao, wenye mashamba manono na mali ya kununulia farasi na silaha. Walakini kwa muda wa miaka mia tatu yule mkubwa alijaribu kummeza yule mdogo, asiweze. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Nataka kueleza hapa habari za vita vinne, viwili walivyoshinda Waskoti na viwili walivyoshindwa. Maana mtu asomaye habari za ushindi peke yake amesoma nusu tu ya kitabu.

Asili ya Ugomvi

Mwaka 1286 mfalme Alexander wa Tatu alikuwa akisafiri usiku wa dhoruba karibu na Kinghorn, penye ufuko wa bahari. Akapotezana na wenziwe gizani, na asubuhi akaonekana amekufa, ameanguka pamoja na farasi wake. Watoto wake wote walikuwa wamekwisha kufa mbele yake. Mrithi aliyesalia ni mjukuu wake Margaret, mtoto mdogo aliyekuwa katika nchi ya Norwe. Naye akafa mwaka 1290, alipokuwa akiletwa katika ufalme wake. Basi wakatokea watu zaidi ya kumi, kila mmoja akisema, "Kiti ni changu."

Wakuu wa nchi wakaogopa wasije wakauana wao kwa wao, wakamwita Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, awe mwamuzi. Edward akakubali, lakini kwa sharti hili: kwanza wamkiri yeye kuwa mkubwa wao. Mwaka 1292 akamchagua John Balliol kuwa mfalme, kisha akamtendea kama mtumishi wake. Balliol alipochoka kutii, Edward akaingia na jeshi mwaka 1296, akauteka mji wa Berwick na kuua watu wengi mno ndani yake, akawashinda Waskoti huko Dunbar, akamvua Balliol ufalme. Hata lile jiwe la Scone, ambalo wafalme wa Waskoti walitawazwa juu yake tangu zamani, akalichukua, akalipeleka kanisa la Westminster katika mji wa London. Mbuzi wakimwita chui awaamulie ugomvi wao, wasishangae akidai ujira wake.

Daraja la Stirling, 1297

Sasa nchi haikuwa na mfalme, na wengi wa wakuu wake walikuwa wamefungwa au wameapa kumtii Edward. Ndipo walipoinuka watu wawili. Wa kwanza ni Andrew Moray, kijana wa jamaa ya mabwana wa kaskazini. Wa pili ni William Wallace, ambaye hakuwa lodi wala mwana wa lodi, bali mtu wa jamaa ya wenye mashamba ya kadiri tu. Watu wadogo wakamfuata, na majeshi ya hawa wawili yakaungana karibu na Stirling, mahali penye ngome kubwa na daraja la mti juu ya mto Forth. Aliye na Stirling ana ufunguo wa nchi, kwa sababu njia ya kwenda kaskazini hupita hapo.

Jeshi la Waingereza likaja chini ya Lodi wa Surrey, pamoja na Hugh Cressingham, mtunza hazina wa mfalme. Daraja lilikuwa jembamba, farasi wawili tu waliweza kupita sambamba. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 1297 baadhi ya askari wakavuka, kisha wakarudishwa, maana Lodi mwenyewe alikuwa bado amelala. Bwana mmoja, Richard Lundie, Mskoti aliyekuwa amehamia upande wao, akawaambia, "Hapa tutauawa wawili wawili. Nipeni wapanda farasi, niwapitishe kwenye kivuko cha maji machache, tuwazunguke adui kwa nyuma." Lakini Cressingham akanung'unika kwamba vita vimekwisha gharimu fedha nyingi za mfalme, wala haifai kukawia. Basi wakaifuata njia ya daraja.

Wallace na Moray walikuwa juu ya kilima cha Abbey Craig wakitazama. Hawakukurupuka. Wakawaacha adui wavuke, mia kwa mia, hata walipoona kwamba waliovuka wanatosha kupigwa, na waliobaki ng'ambo hawataweza kuwasaidia. Hapo wakashuka mbio, wakalishika daraja lenyewe. Waliovuka wakanaswa katika pindo la mto, nyuma yao maji, na chini ya miguu yao ardhi laini. Wengi waliojitupa mtoni wakazama kwa uzito wa deraya zao. Cressingham akauawa, na chuki ya watu juu yake ilikuwa kubwa hata wakamchuna ngozi, jambo la aibu lisilofaa kufichwa. Lodi wa Surrey, aliyekuwa hajavuka, akaamuru daraja livunjwe, akakimbia mpaka Berwick.

Ushindi huu ulikuwa na gharama yake. Moray alijeruhiwa, akafa mwaka ule ule. Wallace akafanywa Mlinzi wa Ufalme, lakini mwaka uliofuata Edward akaja mwenyewe. Huko Falkirk, tarehe 22 Julai 1298, Waskoti walisimama katika duara nne kubwa, mikuki yao ikielekea nje kama miiba ya nungu, na farasi hawakuweza kuzivunja. Ndipo Edward alipowaleta wapiga upinde. Ukuta wa mikuki hauzuii mshale. Wapanda farasi wa Waskoti, ambao ndio wangaliweza kuwafukuza wapiga upinde, wakaondoka uwanjani, na wale wa miguu wakaachwa kufa. Wallace akaokoka, lakini mwaka 1305 akakamatwa kwa hila ya Mskoti mwenzake, akapelekwa London, akauawa kwa mateso makali.

Bannockburn, 1314

Mwaka uliofuata akatokea Robert Bruce. Wasomaji wasidhani kwamba alikuwa mtu asiye na doa. Mara kadha alikuwa amemtumikia Edward, na mwezi wa Februari 1306 alimchoma kisu mshindani wake, John Comyn, ndani ya kanisa la Dumfries, mbele ya madhabahu. Kwa dhambi hiyo Papa alimtenga na Kanisa. Mwezi wa Machi akatawazwa huko Scone. Mwezi wa Juni akashindwa vitani, akawa mkimbizi visiwani. Ndugu zake watatu waliuawa na Waingereza, mkewe na binti yake Marjorie wakawekwa kifungoni. Ile hadithi ya buibui aliyejaribu mara nyingi kufunga uzi wake hata akafaulu, ambayo hufundishwa watoto katika shule nyingi, yawekwa katika siku hizo. Nayo ni hadithi tu, iliyosimuliwa miaka mingi baadaye, lakini kazi ya Bruce mwenyewe ni ya kweli. Mwaka 1307 alirudi, na mwaka huo huo Edward wa Kwanza akafa. Kwa miaka saba Bruce aliziteka ngome za adui moja baada ya moja, na kila aliyoiteka aliibomoa, ili wasipate pa kurudi. Hakupigana vita vikubwa uwanjani. Alikuwa amejifunza kutokana na Falkirk.

Hatimaye ikabaki Stirling. Edward Bruce, nduguye mfalme, alikuwa amepatana na mkuu wa ngome hiyo, Philip Mowbray, kwamba kama jeshi la Uingereza halitafika kumwokoa kabla ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji, yaani tarehe 24 Juni 1314, ataitoa ngome. Kwa hiyo Edward wa Pili alilazimika kuja, na Bruce alilazimika kumngoja. Hukisiwa kwamba Bruce alikuwa na watu 6,000 hivi, wengi wao wa miguu wenye mikuki mirefu, na Edward mara mbili au zaidi, pamoja na wapanda farasi 2,000 hivi wenye deraya nzito.

Bruce alichagua uwanja wake kama fundi achaguavyo mti. Upande mmoja msitu, upande mwingine kijito cha Bannock na matope yake. Na kando ya njia akachimba mashimo madogo yaliyofunikwa kwa matawi, ili farasi wavunjike miguu. Siku ya kwanza, tarehe 23, kijana mmoja wa Kiingereza, Henry de Bohun, alimwona Bruce amepanda farasi mdogo, hana silaha ila shoka. Akamwendea mbio kwa mkuki. Bruce akangoja, akageuza farasi kidogo, mkuki ukapita hewani. Akasimama juu ya vikuku vyake, akampiga shoka la kichwa, chapeo na fuvu vikapasuka pamoja. Wakuu wake walipomkemea kwa kuhatarisha nafsi yake, yasemekana aliwajibu kwamba anasikitikia mpini wa shoka lake uliovunjika.

Usiku ule Waingereza walilala katika ardhi yenye maji kati ya kijito na mto Forth. Mskoti mmoja aliyekuwa kambini mwao, Alexander Seton, akatoroka, akamwambia Bruce kwamba mioyo ya adui imelegea. Bruce akawauliza watu wake kama wanataka kupigana au kuondoka. Wakasema watapigana. Asubuhi wakatoka msituni kwa miguu, na kabla ya kukutana na adui wakapiga magoti kusali. Edward alipowaona akadhani wanaomba msamaha. Mmoja wa waliokuwa karibu naye akamwambia ya kuwa waomba kweli, lakini si kwake.

Mambo ya Falkirk hayakurudi. Waingereza walikuwa wamebanana kati ya maji mawili hata waliokuwa nyuma hawakuweza kuwafikia Waskoti, wala farasi hawakupata nafasi ya kukimbia. Wapiga upinde walipoanza kazi yao, Bruce akamtuma Robert Keith na farasi wachache wepesi, akawatawanya. Mikuki ikaendelea kusukuma, hatua kwa hatua. Kisha nyuma ya kilima wakatokea watu wadogo, yaani wapagazi, wapishi na wakulima waliowekwa kando, nao wakashuka wakipiga kelele. Waingereza wakadhani ni jeshi jipya, wakavunjika. Kijito kikajaa watu na farasi, hata wengine waliweza kuvuka juu ya maiti. Edward akakimbia mpaka Dunbar, akapata mashua, akaenda zake.

Miongoni mwa mateka alikuwamo Lodi wa Hereford, mtu mkubwa sana. Naye akabadilishwa kwa mke wa Bruce na binti yake Marjorie na watu wengine. Tafadhali likumbukeni jina la binti huyu. Aliolewa na Walter, mwangalizi mkuu wa nyumba ya mfalme, ambaye cheo chake kwa lugha yao huitwa Steward. Na mwana wao akawa mfalme mwaka 1371. Hiyo ndiyo asili ya jamaa ya Stewart.

Uingereza haikuukiri ufalme wa Bruce upesi. Mwaka 1320 wakuu wa Waskoti walimwandikia Papa barua kutoka Arbroath, wakimtetea mfalme wao, lakini wakasema pia kwamba hata yeye wangemfukuza kama angeitoa nchi kwa Waingereza. Ni neno zito kwa watu wa siku zile. Amani ilitiwa sahihi mwaka 1328, na mwaka uliofuata Bruce akafa.

Flodden, 1513

Mwaka 1503 mfalme James wa Nne, mmoja wa uzao wa Marjorie, alimwoa Margaret Tudor, binti wa mfalme wa Uingereza, na mapatano ya amani ya daima yalikuwa yamekwisha kufanywa mwaka 1502. Amani hiyo ya daima ilidumu miaka kumi na moja hivi. Henry wa Nane, shemeji yake, alipokwenda kupigana na Ufaransa, Wafaransa walimkumbusha James agano la kale la kusaidiana, na mwezi wa Agosti 1513 akavuka mpaka na jeshi kubwa, pengine kubwa kuliko yote yaliyowahi kutoka Uskoti.

Alipanga watu wake juu ya kilima cha Flodden, pamoja na mizinga mizuri, mahali ambapo mwenye akili asingethubutu kupapanda. Mzee mmoja, Lodi wa Surrey, ndiye aliyeongoza Waingereza. Hakupapanda. Alizunguka mbali, tarehe 9 Septemba akatokea upande wa kaskazini, kati ya James na nchi yake. James akahamia kilima cha pili, kisha akashuka kumkabili.

Watu wake walikuwa na mikuki ya mtindo mpya, yenye urefu wa mita tano hivi. Silaha hiyo ni ya kutisha katika uwanja mkavu ulio sawa, watu wakitembea bega kwa bega. Lakini chini ya kilima palikuwa na kijito na tope ambalo halikuonekana kutoka juu. Safu zikavunjika, na mkuki mrefu katika mkono wa mtu mmoja aliyesimama topeni haufai kitu. Waingereza walikuwa na silaha fupi, kama mundu juu ya mpini, wakaikata mikuki vichwa, kisha wenyewe. Tena James alipigana katika safu ya mbele kama askari, wala hapakuwa na mtu wa nyuma wa kuona mambo na kutoa amri. Alikuwa shujaa, lakini Waskoti siku ile hawakuhitaji shujaa mmoja zaidi, walihitaji mfalme.

Kabla ya usiku James alikuwa maiti, pamoja na mwanawe aliyekuwa Askofu Mkuu wa St Andrews, na malodi wengi, na watu wapatao 10,000 kwa makisio ya kawaida. Karibu kila jamaa kubwa ilikuwa na kilio. Ufalme ukaachwa kwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitano.

Ajabu ni hii: mwaka 1603 Elizabeth wa Uingereza alipokufa bila mtoto, mrithi aliye karibu alikuwa mfalme wa Waskoti, James wa Sita, kitukuu cha yule James na yule Margaret. Akapanda farasi akaenda London, akapokewa kwa shangwe. Jambo ambalo panga za Edward hazikuliweza, yaani kuziweka nchi mbili chini ya taji moja, lilitokana na arusi ya mwaka 1503. Na mfalme aliyekaa juu ya taji hiyo alikuwa Mskoti. Mwaka 1707 mabunge mawili nayo yakafanywa moja, ijapokuwa wengi katika Uskoti walinung'unika.

Culloden, 1746

Jamaa ya Stewart ilikuwa imekwisha kuondolewa katika ufalme mwaka 1688, na baadaye taji ikapewa jamaa ya Hanover. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart, kijana wa Kistewart aliyezaliwa Rumi, alitua katika visiwa vya magharibi na watu wachache sana, kuudai ufalme kwa ajili ya baba yake. Koo nyingi za milimani zikamfuata, nyingine zikakataa. Akashinda Prestonpans, akafika mpaka Derby ndani ya Uingereza, kisha akarudi nyuma. Na mwezi wa Aprili 1746 alikuwa karibu na Inverness, jeshi lake lina njaa na halina mishahara.

Adui yake alikuwa Mtawala wa Cumberland, mwana wa mfalme George wa Pili. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 25, na wote wawili walikuwa uzao wa James wa Sita. Ndugu kwa ndugu, basi. Na vivyo hivyo katika majeshi, maana Waskoti wengi walisimama upande wa serikali.

Usiku wa tarehe 15 watu wa Charles walitembea gizani ili wawashambulie adui kambini. Kulipopambazuka walikuwa hawajafika, wakarudi wakiwa wamechoka kabisa. Wengi hawakuwa wamekula ila biskuti moja. Lord George Murray, jemadari wake aliye hodari, alikuwa amesema waziwazi kwamba uwanda wa Culloden, ulio wazi na sawa, wafaa mizinga ya adui, wala haufai watu wa milimani ambao nguvu yao ni kushuka mbio na panga. Charles hakumsikia.

Tarehe 16 Aprili 1746 mizinga ilianza kuwapiga waliposimama. Wakangoja amri, wakianguka. Ilipotoka, upande wa kulia ulikwenda mbio kupita kiasi, upande wa kushoto ulikuwa mbali na ulikawia katika majimaji. Waliofika walikutana na risasi na singe. Mambo yote hayakumaliza saa moja. Waskoti wa Charles wapatao 1,500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa serikali waliokufa ni 50 hivi.

Kisha yakaja mabaya kuliko vita. Majeruhi waliuawa walipolala, nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakanyang'anywa. Sheria zikakataza watu wa milimani kushika silaha, na kuvaa nguo zao za mirabaraba, mpaka mwaka 1782. Wakuu wa koo wakanyang'anywa haki yao ya kuhukumu. Hata hivyo, Charles alitangatanga miezi mitano, kichwa chake kikiwa na bei ya pauni 30,000, na katika watu wale maskini hapakutokea mtu wa kumwuza. Alifika Ufaransa salama. Waliompenda ndio waliolipa deni. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Mmoja wa waliokufa Culloden kwa ajili ya wafalme wa kale alikuwa baba wa babu wa mtu ajulikanaye sana kwetu, maana David Livingstone aliandika mwaka 1857 kwamba baba wa babu yake alianguka pale. Jamaa yake walikaa katika kisiwa cha Ulva. Babu yake akakiacha kwa shida, akatafuta kazi katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, na humo David naye akatiwa kazini akiwa na miaka kumi. Basi yule mzee aliyeonekana Ujiji mwaka 1871, ambaye maiti yake ililetwa Bagamoyo mwaka 1874 na akina Susi na Chuma, alikuwa mjukuu wa watu walioshindwa.

Twajifunza Nini?

Ukivipanga vita hivi vinne, utaona kwamba Waskoti hawakushinda kwa sababu ya ushujaa, wala hawakushindwa kwa kuukosa. Ushujaa ulikuwako siku zote nne. Katika Stirling na Bannockburn viongozi walichagua mahali pao, wakangoja saa yao, wakajua hali ya watu wao. Katika Flodden na Culloden mahali palichaguliwa vibaya au paliachwa, na watu waliokuwa tayari kufa walikufa bure. Kiongozi ambaye watu wake wako tayari kufa kwa ajili yake ana wajibu mkubwa kuliko kiongozi mwingine yeyote.

Jambo la pili ni kwamba hapana vita hata kimoja kati ya hivi kilichomaliza shauri. Jiwe la Scone, lililochukuliwa kwa upanga mwaka 1296, lilirudishwa Uskoti mwaka 1996 bila upanga. Bunge lao lilifunguliwa tena mwaka 1999. Na tarehe 18 Septemba 2014, miaka mia saba baada ya Bannockburn, Waskoti waliulizwa kama wanataka kuwa nchi peke yao au kubaki pamoja na Uingereza. Katika kila watu mia, 55 walisema wabaki, 45 walisema watoke. Mabishano yalikuwa makali, na hata leo hayajaisha. Lakini jioni ile kila mtu alirudi nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna mama aliyengoja mwana asiyerudi.